Zimwi la Mita Sita Juu ya Meza: Namna ya Kutengeneza na Kuhuisha Kiumbe wa Sinema Fremu kwa Fremu

Askari wa mifupa waliopigana na wanaume watatu katika filamu ya Jason and the Argonauts, mwaka 1963, walikuwa saba. Kila mmoja alikuwa na mikono miwili, miguu miwili na kichwa, kwa hiyo Ray Harryhausen, fundi aliyewahuisha, alikuwa na sehemu 35 za kusogeza kabla ya kupiga fremu moja, yaani picha moja ya filamu. Kuna siku alipata fremu 13 tu, yaani nusu sekunde ya filamu, na pambano zima lilimchukua takriban miezi minne na nusu. Hadi leo ukilitazama unasahau kwamba ni sanamu ndogo. Unaona mifupa iliyokusudia kuua.

Kazi hii ya kusogeza sanamu kidogo kidogo na kuipiga picha kila inaposogea huitwa stopmosheni. Willis O'Brien na fundi wake Marcel Delgado waliipa misingi katika The Lost World (1925) na King Kong (1933), na Harryhausen akaiendeleza hadi Clash of the Titans (1981). Vifaa vyake vingi utavipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi na la umeme. Hapa tunatengeneza zimwi moja lenye jicho moja, kimo sentimita 28, litakaloonekana kwenye picha lina mita 6 na limesimama mahali pamoja na mtu halisi. Waliokulia pwani na visa vya Sindbad wa Alfu Lela Ulela watalifahamu zimwi la namna hii. Filamu ya The 7th Voyage of Sinbad ya 1958 ililipa jicho moja, pembe na miguu ya mbuzi. Miguu hiyo ilikuwa na sababu ya kifundi: mtazamaji akiona goti linalokunjika kinyume, hadhani tena kwamba ni mtu aliyevaa vazi. Iga uamuzi huo.

Katika hatua zote linda kitu kimoja, uzito. Mtazamaji husamehe mshono kwenye ngozi na rangi isiyolingana sawasawa. Unyayo unaoteleza hausamehe, na mwili unaotembea kana kwamba hauna kilo hata moja hausamehe pia.

Hesabu kabla ya waya

Chora zimwi kwa kimo chake kamili, mbele na ubavuni, kwenye karatasi. Tia alama kila kiungo. Kisha tafuta uwiano: mita 6 ukigawa kwa sentimita 28 unapata 21.4. Namba hiyo ndiyo itakayopanga kamera yako.

Anza na picha ya mtu halisi, kwa sababu sanamu ndiyo itakayofuata mwanga wake. Piga kwa fremu 24 kwa sekunde, kamera ikiwa imefungwa kwenye tripodi na mfuko wa mchanga umening'inizwa chini yake. Tuseme lenzi iko mita 1.5 kutoka ardhini, imeinuliwa nyuzi 5, na zimwi litasimama mita 20 mbele ya kamera. Mezani, gawa kila kipimo kwa 21.4: lenzi itakaa sentimita 7 juu ya ubao, na sanamu itakuwa sentimita 93 kutoka kwenye lenzi. Nyuzi hazigawanywi, zinabaki 5. Upana wa mtazamo wa lenzi nao ubaki uleule. Kosa la kawaida ni kuweka kamera sentimita 20 au 30 juu ya meza kwa sababu ndipo inapofikika. Mtazamaji hatalitazama zimwi kutoka chini tena, na jitu litageuka mwanasesere papo hapo.

Mwigizaji anahitaji mahali pa kutazama. Simamisha mwanzi mrefu wenye kitambaa kwenye usawa wa jicho la zimwi, afanye mazoezi nao, kisha uondoe na upige tena bila mwanzi. Harryhausen alifanya vivyo hivyo kwa askari wa mifupa: waigizaji walifanya mazoezi na wapiganaji halisi, halafu wapiganaji wakaondoka na waigizaji wakapigana na hewa. Kabla ya kuondoka mahali hapo, weka mpira mweupe wa tenisi ya meza pale zimwi litakaposimama na uupige picha. Kivuli kwenye mpira huo kitakuambia taa yako kuu ikae wapi na iwe kali kiasi gani.

Kiunzi

Kiunzi ni mifupa ya ndani ya sanamu. Viunzi vya mabingwa vilikuwa vya chuma. Gololi inabanwa katikati ya vibati viwili vyenye matundu madogo kuliko gololi yenyewe, na skrubu inayopita katikati ya vibati huongeza au kupunguza mkazo. Baba yake Harryhausen, Fred, ndiye aliyekuwa akimkerezea. Ukimpata fundi mkerezaji makini, mpe mchoro wako, lakini mweleze kanuni ya mkazo: kifundo cha mguu kiwe kigumu kuliko vyote, kisha goti na nyonga, kisha kiuno, bega, kiwiko, na vidole mwisho. Bega likiwa gumu kuliko kifundo cha mguu, kila ukisukuma mkono mwili mzima utayumba.

Kwa zimwi la kwanza waya wa alumini unatosha. Tafuta wa milimita 2.5 kwa miguu na uti wa mgongo, 2 kwa mikono, na 1 kwa vidole. Alumini ya nyaya za umeme za juu mara nyingi ni ngumu na hurudi nyuma ukiikunja, kwa hiyo ilainishe: ipake sabuni ya mche, ipitishe polepole juu ya moto wa gesi mpaka sabuni igeuke nyeusi, kisha iache ipoe. Usingoje iwe nyekundu, maana alumini huyeyuka kabla hujaona wekundu wowote. Waya wa baindi usiuguse kabisa. Unarudi nyuma kama springi na utapigana nao fremu zote.

Kunja waya mara mbili, bana ncha moja kwenye jiliwa na nyingine kwenye drili, sokota polepole. Msokoto mmoja kwa kila sentimita unatosha. Ukisokota zaidi waya unakuwa mgumu na utakatika mapema.

Mifupa ni gundi ya epoksi ya kukanda, ile ya mafundi bomba, inayofinyangwa juu ya waya katikati ya kiungo na kiungo. Kwenye goti, nyonga na kiwiko acha milimita 15 za waya mtupu. Ukiacha milimita 5, mkunjo wote utaangukia sehemu moja na waya utakatika katikati ya shoti. Kitalu cha nyonga na kitalu cha kifua viwe vya epoksi pia, na ndani yake zika konekta za nyaya za umeme: vunja plastiki yake, chukua kile kishaba cha ndani chenye skrubu mbili. Chagua chenye tundu linalopokea waya wako uliosokotwa bila kulazimishwa. Mguu ukikatika utafungua skrubu, utaingiza mwingine, na utaendelea. Acha njia ya bisibisi kufikia skrubu hizo hata baada ya ngozi kuwekwa. Mkato mdogo chini ya tumbo hautaonekana.

Nyayo zinahitaji uangalifu kuliko kichwa. Katika kila unyayo zika nati ya M4, mdomo wake ukitazama chini, ukiwa sambamba na ardhi. Wakati wa kujenga, funga bolti kwenye nati, imezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, ili epoksi na mpira visizibe nyuzi. Usitumie vaselini hapo, kwani mafuta hulainisha na kuozesha mpira.

Onyo kuhusu shaba: shaba huua mpira wa asili. Kiungo cha waya wa shaba kitaanza kunatanata na kubadilika rangi, na ngozi iliyo juu yake itaoza kabla ya nyingine. Kwa hiyo hata vile vishaba vya konekta vifunike kwa tepu au epoksi kabla ya kuweka nyama.

Nyama na ngozi

Kuna njia mbili. Ya kiwandani ni mpira wa povu: lateksi (mpira wa majimaji), dawa ya povu, dawa ya kukomaza na dawa ya kugandisha hupigwa kwa mashine ya keki, humiminwa kwenye kalibu ya plasta yenye kiunzi ndani, na kuokwa kwa joto la chini kwa saa kadhaa. Kipimo cha kawaida ni gramu 150 za lateksi, 30 za dawa ya povu, 15 za kukomaza, na kama 14 za kugandisha. Chumba chenye joto hufanya povu ligande kabla hujamaliza kumimina, kwa hiyo mahali pa joto mafundi hupunguza dawa ya kugandisha. Usiioke kwenye oveni ya chakula.

Njia ya pili ndiyo ya Delgado, na kwa kiumbe mmoja ni bora: kujenga misuli mmoja mmoja juu ya kiunzi. Bandika vipande vya sponji ya godoro kwa gundi ya viatu, vikate kwa mkasi mdogo mpaka vifuate mchoro. Juu yake weka misuli ya pamba iliyochambuliwa na kuloweshwa lateksi ya maji, ukiilaza kwa uelekeo wa msuli halisi, kutoka mfupa mmoja kuvuka kiungo hadi mfupa mwingine. Ukifanya hivyo paja litajikunja lenyewe goti linapokunjika. Ukikomesha msuli kwenye kiungo, pale patabonyea kama bomba.

Ngozi itengeneze pembeni. Finyanga mikunjo na magamba kwenye udongo, mimina plasta, na plasta ikikauka umepata kalibu. Paka lateksi nyembamba mara tano au sita, kila mara ukingoja weupe wa maziwa uishe na ionekane kama asali. Nyunyiza poda ya mtoto kabla ya kubandua, la sivyo itajigandisha yenyewe na hutaitenganisha. Juu ya viungo ngozi isizidi nusu milimita. Ngozi nene ni springi: unainua mkono, unageuka kupiga picha, na ukirudi umeshuka milimita moja. Kosa hili halionekani ukilitazama kwa macho. Linaonekana filamu ikichezwa, mkono ukitetemeka bila sababu.

Rangi iwe sehemu moja ya akriliki kwa sehemu tatu za lateksi. Akriliki peke yake itapasuka kwenye goti siku ya kwanza. Kumbuka mchanganyiko huo hukolea ukikauka, kwa hiyo jaribu kwenye kipande kwanza.

Jicho ni ushanga mweupe wa milimita 10 unaozunguka kwenye tundu lake, mboni ikiwa na kitundu cha milimita 1 katikati. Unaligeuza kwa ncha ya pini bila kugusa kope. Kope zenyewe zitengeneze tatu za kubadilisha: wazi, nusu na iliyofumba. Kupepesa kwa fremu 6 hadi 8 kunatosha.

Ukitaka manyoya, fikiri mara mbili. Kong wa 1933 alivikwa ngozi ya sungura, na manyoya yake yanatambaa kila mahali vidole vya O'Brien vilipogusa. Kwa Mighty Joe Young (1949) walipata njia ya kuyashikiza manyoya kwenye mpira badala ya ngozi, na yakatulia zaidi. Kwa zimwi hili, nywele fupi zilizolazwa kwa lateksi kichwani na mabegani zitatosha.

Meza, taa, kamera

Meza iwe ya plaiwudi ya milimita 12, kimo sentimita 90 hadi 100, ili mkono wako ufike chini kukaza bolti. Ibane ukutani au iwekee mifuko ya mchanga. Toboa matundu ya milimita 5 pale tu nyayo zitakapotua; kwa hiyo panga hatua zote kabla, uzichore kwenye karatasi iliyobandikwa mezani, kisha utoboe. Mchanga wa juu uchekeche kwa chujio la chai, kwa sababu chembe ya kawaida ikikuzwa mara 21 inakuwa jiwe, na uunatishe kwa gundi ya mbao iliyopunguzwa na maji. Mchanga usionatishwa huruka huku na huku kila unapogusa unyayo.

Kila kitu kwenye kamera kiwe cha mkono: fokasi, mwanga, rangi. ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/16 (ukubwa wa tundu la lenzi) na shata wazi kwa nusu sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Nusu sekunde pia inameza kumeta kwa taa kunakotokana na umeme wa 50 Hz. Lenzi za kisasa hufungua na kufunga tundu lake kila unapopiga, na halirudi palepale kamili. Matokeo ni picha inayomwekamweka. Lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na adapta, inalimaliza tatizo hilo.

Umeme unaopanda na kushuka utaharibu shoti nzima. Tumia paneli za LED zinazoendeshwa na betri ya volti 12, au angalau stabilaiza. Ziba madirisha yote. Vaa nguo nyeusi na usimame sehemu ileile kila unapopiga, maana shati jeupe hurudisha mwanga kwenye zimwi, na ukihamahama mwanga nao unahama. Kompyuta yenye programu kama Dragonframe itakuonyesha fremu iliyopita juu ya ile unayoiandaa.

Mwendo

Pima kwanza kwa mwili wako. Tembea kama zimwi huku mwenzako akishika saa, kisha ongeza muda kwa kimo. Kanuni ni kipeuo cha pili cha tofauti ya kimo: mita 6 ni mara 3.5 ya mtu wa mita 1.7, na kipeuo cha 3.5 ni karibu 1.9. Hatua ya mtu ya fremu 12 inakuwa hatua ya zimwi ya fremu 23 au 24. Wengi hulipa jitu mwendo wa haraka kwa sababu wamechoka kusogeza. Linaishia kuwa panya.

Hatua moja inagawanyika hivi. Fremu 1 hadi 5, nyonga inahamia juu ya mguu utakaobeba, na hakuna unyayo ulioinuka. Hapa ndipo uzito unapozaliwa na ndipo wanaoanza wanaporuka. Jaribu kuinua mguu wako wa kulia bila kwanza kuegemea kushoto: huwezi, na jicho la mtazamaji linajua hilo hata kama yeye hajui. Fremu 6 hadi 13, fungua bolti, kisigino kinaondoka kwanza, unyayo unapanda hadi sentimita 2.8. Fremu 14 hadi 21, unaanguka.

Kuanguka kuna hesabu yake. Sentimita 2.8 za sanamu ni sentimita 60 za zimwi, na kitu huanguka umbali huo kwa zaidi kidogo ya theluthi ya sekunde, yaani kama fremu 8. Haianguki sawasawa. Baada ya fremu 2 unyayo umeshuka milimita 1.75 tu, baada ya 4, milimita 7, baada ya 6, karibu 16, kwenye fremu ya 8 zote 28. Anayeshusha milimita 3.5 kila fremu anapata mguu unaoelea.

Fremu 22 hadi 26 ni za kupokea. Unyayo umetua na bolti imekazwa. Goti la mguu huo linakunjika milimita 4 kwa fremu mbili, kisha linarudi taratibu. Tumbo linaendelea kushuka fremu mbili baada ya goti, kichwa fremu tatu, mikono na rungu lililo mkononi baadaye kidogo. Kila kitu kikisimama kwenye fremu moja, umepata mashine. Hatua inayofuata inaanza humohumo ndani ya fremu hizo, kabla mwili haujatulia.

Kuna kiumbe mmoja aliyeruhusiwa kuwa mgumu: Talos, sanamu la shaba la filamu ileile ya 1963. Pale mwendo wa kukatika ulikuwa tabia yake. Zimwi la nyama halina ruhusa hiyo.

Kufuatilia umbali, tumia kitako kizito chenye ncha ya chuma inayorekebishwa, kile ambacho mafundi vyuma hutumia kuchorea kimo juu ya meza. Weka ncha iguse pua, ondoa kitako kabla ya kusogeza, sogeza, rudisha, soma tofauti. Na ukumbuke kukiondoa kabla ya kupiga.

Zimwi likisimama lisife. Kifua kipande na kushuka kwa mzunguko wa sekunde 3 au 4, sehemu ndogo ya milimita kwa kila fremu. Katika The Lost World walitia vibofu vya mpira ndani ya wanyama ili vifua vipumue. Baluni ndogo kifuani, bomba jembamba kutoka mgongoni na bomba la sindano la mililita 5 vinafanya kazi hiyo, na mistari ya bomba hilo inakupa kipimo cha kila fremu.

Piga kila mkao mara moja, fremu 24 kwa sekunde. Kupiga kila mkao mara mbili kunapunguza kazi nusu, lakini kando ya mtu halisi anayesogea kila fremu zimwi litarukaruka. Sekunde 10 ni fremu 240. Kwa dakika 3 kila moja hizo ni saa 12, kwa hiyo shoti iwe fupi na imalizike siku hiyohiyo. Chumba hupoa usiku, plaiwudi husogea, na asubuhi picha haitalingana na ya jana. Ukigonga taa katikati, usijaribu kukisia ilikuwa wapi. Kata shoti pale na uendelee kwa pembe nyingine ya kamera.

Kumweka zimwi katikati ya picha

Mbinu iliyomtofautisha Harryhausen, iliyotangazwa mwaka 1958 kwa jina la Dynamation, ilikuwa ya kulitia zimwi katikati ya picha ya mtu: nyuma yake kuna milima, mbele yake kuna mawe na mtu. Alionyesha picha kwenye skrini ndogo nyuma ya sanamu, akaweka kioo mbele, akaziba sehemu kwa rangi nyeusi, kisha akairudisha filamu nyuma ndani ya kamera na kuipiga mara ya pili sehemu iliyozibwa. Leo inafanyika kwa tivi.

Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), tivi ya inchi 50 inajaza picha ikiwa sentimita 150 kutoka kwenye lenzi. Zimwi liko sentimita 93, tivi iko sentimita 57 nyuma yake. Tivi itazame lenzi moja kwa moja. Kamera ikiinuliwa nyuzi 5, tivi nayo ilazwe nyuzi 5, la sivyo picha itapindika. Zima hali ya kuokoa umeme na mwanga unaojirekebisha. Fokasi iwekwe kama sentimita 110: kwa f/16 zimwi litakuwa kali, na tivi italegea kidogo tu, kiasi cha kuficha vitone vyake.

Weka mwanga wa kamera kwa kufuata tivi kwanza, taa za zimwi baadaye. Taa unaweza kuzisogeza na kuzipunguza utakavyo. Tivi ina kikomo. Kadi nyeusi zizuie taa zisiangukie skrini, maana mwanga huo hugeuza weusi wa picha kuwa kijivu na zimwi linaonekana limekatwa na kubandikwa.

Sasa chagua mstari. Ufuate kitu kilichomo kwenye picha: ukingo wa jabali, ukuta mfupi, kichaka. Mchanga tambarare ndio mgumu kuliko yote, na hapo utahitaji ukanda wa mchanga wako uliochekechwa mbele ya nyayo ili upokee kivuli. Simamisha kioo cha milimita 4 sentimita 40 mbele ya lenzi, kiegemee kidogo kisirudishe sura ya kamera. Mmoja atazame kupitia kamera, mwingine achore mstari kwenye kioo kwa penseli ya nta. Chini ya mstari paka rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili, uhakikishe ukingo wa mbele wa meza umejificha humo. Kadiri kioo kinavyokaribia lenzi ndivyo ukingo unavyolainika. Nyasi hupenda ulaini huo, jabali halipendi.

Piga mzunguko wa kwanza: fremu ya 1 ya mtu kwenye tivi, mkao wa 1 wa zimwi, picha, fremu ya 2, mkao wa 2, picha. Andika namba kwenye daftari kila mara, kwa sababu kuruka fremu moja ya tivi kunamfanya mtu ashtuke huku zimwi likiendelea. Ukimaliza, ondoa zimwi na meza bila kugusa kamera wala tivi. Chora kioo cha pili chenye weusi juu ya mstari na uwazi chini, zima taa, piga fremu zote tena kutoka ya 1. Kwenye kompyuta jumlisha mfuatano wa kwanza na wa pili. Weusi hauongezi kitu, kwa hiyo nusu mbili zinakutana kwenye mstari. Ukiona uzi mweusi, vioo havikukutana; ukiona uzi mweupe, vimepishana na sehemu hiyo imepigwa mara mbili. Sogeza mstari wa pili nusu milimita na urudie mzunguko wa pili tu. Kazi ya zimwi haijapotea.

Sehemu hiyo ya pili inaweza kukatwa kwenye programu bila kioo, na hakuna ubaya. Tivi ya nyuma usiiache. Ukihuisha huku ukimwona mtu halisi nyuma ya zimwi, jicho la zimwi litamfuata mtu huyo na rungu litashuka pale aliporuka.

Zimwi likiruka, lishikilie kwa fimbo ya chuma kutoka nyuma, na upige pia fremu moja ya mahali patupu ili uifute fimbo baadaye. Ukungu wa mwendo, yaani kufifia kwa kingo za kitu kinachosogea kwa kasi, ambao Phil Tippett na wenzake waliupata kwa kumsogeza joka la Dragonslayer (1981) kwa mota wakati shata iko wazi, unaweza kuukaribia kwa kugusa ncha ya rungu itikisike ndani ya ile nusu sekunde. Ufanye kwa fremu mbili au tatu za kasi kubwa tu. Ukali wa picha za zamani una uzuri wake, na zimwi la ndotoni halihitaji kufanana na simba wa mbugani.

Kila shoti ikiisha, kunja kila kiungo polepole ukisikiliza: waya unaokaribia kukatika hutoa mlio mdogo na hulegea upande mmoja. Ubadilishe siku hiyo. Lifute zimwi jasho la mikono kwa kitambaa chenye maji kidogo, lipake poda, lihifadhi kwenye sanduku la giza pasipo joto wala jua. Hata hivyo lateksi itakauka na kupasuka baada ya miaka, kama ilivyokauka ya viumbe wengi wa O'Brien na Harryhausen. Kiunzi kitabaki. Kalibu ya ngozi ifunge kwenye karatasi, iandike tarehe, na uiweke mahali pakavu, kwa maana ndiyo utakayolivisha zimwi upya.